Bomba Lisilo na Hitilafu

Kambale akikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi haozi upesi, anaoza polepole. Hilo nililijua kazini, Kibaha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika chumba ambacho mlangoni kulikuwa na kibao kinachokataza sigara, chakula na viatu. Kambale hawakutajwa. Meneja wetu aliwanunua Ruvu kila alipopita huko kikazi, akawaleta ndani ya ndoo ya plastiki na kuwaweka nyuma ya kompyuta, kwa sababu hapo ndipo ubaridi ulipokuwa mkali zaidi. "Kwa muda tu, binti," aliniambia. "Jioni nawachukua." Jioni alipanda gari la mradi akaenda zake, ndoo akaisahau, na asubuhi mimi ndiye niliyefungua mlango.

Mpaka leo jirani akipika kambale nafunga madirisha. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi anadeka. Wao hawakushinda kutwa nzima na harufu ile, miguu peku juu ya sakafu ya baridi, viatu vimeachwa mlangoni ili mashine isichafuke.

Mradi wenyewe ulikuwa wa maji vijijini. Wazungu wa nchi moja ya baridi waliutolea fedha, wakachimba visima upande wa Kibaha na upande wa Kisarawe, juu ya kila kisima wakaweka bomba la kusukuma kwa mkono, na mwisho wakatuletea kompyuta ili kila bomba liwe na kumbukumbu zake. Kompyuta hiyo ilikuwa kubwa kama makabati mawili ya nguo yaliyosimama bega kwa bega, nayo ilivuma mchana kutwa. Ndani yake kila bomba lilikuwa na namba, jina la kijiji na habari za matengenezo. Mwisho wa mwezi ilichapa orodha ya mabomba mabovu. Mafundi walifuata orodha hiyo, lori lilifuata orodha hiyo, na mtunza bohari hakutoa hata nati moja bila kuiona. Bomba ambalo halikuchapwa lilihesabiwa kuwa zima, hata kama wanawake wa kijiji walikuwa wameshaligeuza nguzo ya kuanikia nguo.

Mimi nilikuwa msichana wa Kibuta, upande wa Kisarawe, niliyefaulu hesabu. Nilipelekwa kozi Dar es Salaam, nikarudishwa Kibaha kuilea mashine hiyo, nikapanga chumba mtaa wa Kwa Mathias, nyuma ya maduka. Kazi zangu kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuangalia stoo ya muda. Taarifa za mafundi zilipofika kutoka vijijini tulizichapa kwenye mashine, lakini hazikwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu. Zilikaa kwanza kwenye sehemu ya diski tuliyoiita stoo ya muda, kama mahindi yanavyokaa uani kabla hayajapukuchuliwa na kutiwa ghalani. Kazi ya pili ilikuwa ukaguzi wa Ijumaa. Siku hiyo mashine ilipitia stoo yote, ikalinganisha kila taarifa na kumbukumbu kuu, na taarifa iliyolingana ikaingizwa ndani. Isiyolingana ilibaki stoo mpaka mtu aje airekebishe. Mwisho wa ukaguzi ilichapwa karatasi inayosema taarifa ngapi zimebaki na kwa sababu gani.

Niliipenda kazi ile, nasema ukweli. Mashine haikuwa na upendeleo wala haya. Ukiilisha uchafu ilikurudishia uchafu wako na kukuonyesha ulipotoka. Kilichonitia kichefuchefu ni watu walioizunguka.

Taarifa za kijiji chetu hazikulingana hata Ijumaa moja. Nilipogundua sababu yake nilicheka peke yangu mle chumbani, halafu kicheko kikaniishia. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, watu wetu walitolewa bondeni wakaletwa kando ya barabara. Makaratasi hayakuhama nao. Wachimbaji walipokuja miaka ya baadaye walichimba kisima pale watu walipo, lakini aliyejaza kumbukumbu alinakili jina na namba ya kijiji cha zamani, kule bondeni, ambako walikuwa wamebaki ngiri na mikorosho iliyoota majani mpaka kwenye shina. Basi mashine ikajua kwamba bomba liko bondeni. Fundi alipoandika kwamba bomba la kijiji kipya limeharibika, mashine ilitafuta kijiji kipya chenye bomba, haikukiona, ikaiacha taarifa stoo. Kumbukumbu kuu ikaendelea kusema kwamba lile bomba la bondeni, bomba la ngiri, halijapata kuharibika tangu lifungwe.

Na lilikuwa limeharibika. Ndani ya bomba la namna ile kuna pete ya ngozi, haizidi kitumbua kwa ukubwa, nayo ndiyo inayovuta maji juu. Pete ikichakaa unasukuma mpini mpaka mabega yanawaka moto na hakitoki kitu ila sauti ya mtu mwenye kikohozi. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliosukuma hivyo mpaka wakachoka, wakabeba ndoo zao na kurudi dimbwini.

Dimbwi hilo nililinywa utotoni kabla sijajua kwamba kuna maji ya namna nyingine. Nilipokwenda likizo kumsalimia mama nilimsindikiza kuteka, na kwa mara ya kwanza nililiona. Juu ulitanda utando wa kijani, wanausukuma pembeni kwa kitako cha ndoo. Chini ya utando waliogelea viluwiluwi. Ukingoni kulikuwa na nyayo za mbuzi, na mavi ya mbuzi, na povu la rangi ya chai ya maziwa ambalo sikutaka kujua limetoka wapi. Mama alitumbukiza ndoo yake kwa utulivu kama mtu anayechota unga kwenye pipa. Alikuwa amekonda, khanga inamzunguka kiuno mara mbili. Tumbo lilikuwa linamwendesha kwa wiki kadhaa.

"Ni muhogo wa jirani," aliniambia. "Ulikuwa na uchungu."

"Mama, ni haya maji."

"Haya maji ndiyo yaliyokulea wewe."

Nilirudi Kibaha na hasira yangu nikaenda nayo moja kwa moja kwa Meneja. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, suti yake ya Kaunda imenyooshwa mpaka inang'aa, na kila alipokukatalia jambo alikushika mkono. Nilimweleza habari ya bondeni na kando ya barabara. Kurekebisha kulikuwa kazi ya dakika chache, kubadili jina na namba tu, lakini kumbukumbu kuu haikuguswa bila neno la siri, na neno la siri alikuwa nalo yeye.

"Nimekuelewa sana, binti," alisema. "Lakini ukibadili kumbukumbu kuu, badiliko linatokea kwenye ripoti ya wafadhili. Wataona tulikosea. Watauliza tumekosea wapi kwingine."

"Tumekosea kwingine pia, Ndugu Meneja. Stoo imejaa taarifa za vijiji vilivyohamishwa."

"Ndiyo maana zikae stoo. Ni stoo ya muda, si ndivyo mnavyoiita? Zikae kwa muda."

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho, na nilikwenda kunawa.

Nilijaribu na bohari. Pete za ngozi zilikuwepo, zimejaa kikapu kizima, nilizinusa kabla sijaziona. Mtunza bohari alikuwa kijana mwema wa Kimakonde aliyenionea huruma lakini akaogopa kibarua chake. "Dada yangu, nikikupa hii bila karatasi ya mashine, kesho mimi ndiye mhujumu," alisema. Na kweli, siku zile neno mhujumu lilikuwa linawapeleka watu ndani. Nilimwachia pete zake.

Maana ulikuwa umeingia ule msako wa walanguzi. Sabuni ilikuwa haionekani, mafuta ya kula hayaonekani, sukari unaipata kwa kupanga foleni kwenye duka la kaya, na ghafla ikatangazwa kwamba vyote hivyo vimefichwa majumbani na vitatafutwa. Watu walitupa magunia vichakani. Meneja hakutupa kitu. Asubuhi moja nilikuta makatoni ya sabuni na madebe ya mafuta yamepangwa ndani ya chumba cha kompyuta, kutoka sakafuni hadi kwenye matundu ambayo mashine hutolea joto. Nani angepekua chumba chenye kibao cha kuvua viatu?

"Kwa muda tu," alisema kabla sijafungua mdomo.

Ijumaa hiyo ukaguzi ulianza vizuri, ukafika katikati, mashine ikapata joto na kujizima. Ijumaa iliyofuata hivyo hivyo. Nilisogeza makatoni, akayarudisha. Nikayasogeza tena, akamleta mlinzi ayarudishe mbele yangu. Wakati huo taarifa zilizidi kumiminika kutoka vijijini na hakuna iliyotoka stoo, hata zile zilizolingana, kwa kuwa ukaguzi haukumalizika. Diski ikajaa. Mashine ikawa nzito, ukiigusa inafikiri mpaka unasahau ulichoiuliza. Chumba kilinuka sabuni ya mche, mafuta ya alizeti yaliyovuja, na kwa mbali, kwenye pembe ile ya nyuma, kambale. Nilikuwa nakula chakula changu cha mchana nje juani, na bado kilikuwa na ladha ya mle ndani.

Msako ulipopoa, Meneja aliyaondoa makatoni, na kila mfanyakazi akapewa mche mmoja wa sabuni kwa tabasamu, kama zawadi ya sikukuu. Nilitamani kumrushia. Lakini Kibuta kulikuwa hakuna sabuni kabisa, kwa hiyo nilipopata nafasi nilimpelekea mama. Aliinusa, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia sandukuni pamoja na Biblia yake na khanga ya kwaya. Alisema hawezi kuimaliza sabuni nzuri hivyo kwa kufulia matambara.

Ndipo zikaja habari kwamba mfadhili mmoja anakuja kukagua.

Yeyote aliyefanya kazi ofisini miaka ile anajua kinachofuata. Majani yalifyekwa. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, na yalipokuwa hayatoshi yakatafutwa mengine ili nayo yapakwe. Choo cha wafanyakazi, ambacho tangu niajiriwe tulikiingia huku tumeziba pua, kilisuguliwa kikafungwa kwa kufuli ili tusikichafue kabla ya mgeni kufika. Kwa siku kadhaa tulikwenda vichakani, wasomi wazima, tukipishana kwa heshima. Chumba cha kompyuta kilinyunyiziwa marashi ya waridi, na harufu ile ilipochanganyika na ya kambale ilizaliwa harufu ya tatu ambayo sina jina lake.

Mimi nilitumwa Kwa Mathias kutafuta soda. Soda nazo zilikuwa adimu, ilinibidi nizunguke duka kwa duka na kubembeleza wenye maduka kwa jina la mfadhili, nikarudi na kreti nusu kichwani mwa mchukuzi. Nilipoingia chumba cha kompyuta nilimkuta Meneja ameketi kwenye kiti changu, viatu miguuni. Amri alizozijua kwenye mashine ile zilikuwa mbili tu, ya kuonyesha saa na ya kufuta. Hakuwa ameangalia saa.

"Nimekusaidia kusafisha," alisema. "Stoo ilikuwa chafu sana. Hebu ijaribu sasa, inakwenda kama risasi."

Stoo ilikuwa tupu. Kila bomba bovu la kila kijiji kilichohamishwa, kila neno aliloandika fundi akiwa amechuchumaa juani, vyote vilikuwa vimekwenda. Nilikimbilia kwenye kabati la taarifa za karatasi ili nizichape upya. Kabati lilikuwa tupu nalo, limefutwa vumbi. Nyuma ya jengo vibarua walikuwa wanachoma majani yaliyofyekwa, na juu ya majani karatasi zetu zilijikunja na kugeuka nyeusi.

Sikuona haya kulia mbele yake. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyekufulia nguo na wewe unalalamika. Hicho ndicho kilichonichukiza kuliko vyote, kuliko sabuni na ndoo ya samaki. Hakudhani kwamba ameficha kitu. Mgeni anakuja, nyumba inafagiliwa, na taarifa za watu wasio na maji kwake zilikuwa sehemu ya taka.

Ijumaa ukaguzi ulimalizika upesi kuliko wakati wowote. Karatasi ikatoka imeandikwa kwamba hakuna taarifa iliyobaki na hakuna hitilafu.

Mgeni alikuwa mzungu mrefu wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili cha kozi ambacho kila neno linatamkwa kana kwamba limevaa tai. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliisoma karatasi ya ukaguzi akafurahi, kisha akaomba kuona orodha ya mabomba, akaishusha kwa kidole mpaka kidole kikasimama.

"Bomba hili halijawahi kuharibika," alisema. "Hata mara moja. Ningependa sana kuliona na kulipiga picha."

Lilikuwa la kwetu. Meneja alitaja vijiji vingine vizuri zaidi, vya karibu zaidi, vyenye barabara ya lami karibu mpaka mlangoni. Mgeni alishikilia lile lile. Jina lilikuwa la bondeni, lakini dereva alijua kwamba bondeni hakuna mtu na kwamba watu wa jina hilo wako kando ya barabara. Wote walijua. Mashine tu ndiyo ilikuwa haijaambiwa.

Meneja aliniita pembeni. "Wewe si mtoto wa huko? Tangulia leo. Mwambie mwenyekiti wa kijiji wajiandae."

Nilitangulia kwa furaha, lazima niseme. Nilipanda basi hadi mjini Dar es Salaam, nikabadilisha, nikapita Pugu na Kisarawe, njia nzima nikijiambia kwamba mwisho wa uchafu huu umefika na Meneja mwenyewe ndiye aliyeuleta. Mgeni angesukuma mpini, hakitoki kitu, basi. Pete ya ngozi ingekuja kwa gari linalofuata. Nilimpa mwenyekiti ujumbe wake, kisha nikaenda kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona ghafla?"

Nilimweleza yote. Yeye alikuwa kiongozi wa akina mama wa kwaya ya Kilutheri, na ilikuwa lazima apewe nafasi mbele ya mgeni. Nilimwambia asiogope mtu, aseme tu kwamba bomba limekufa na wanakunywa dimbwi. Nilimwambia tumbo lake litapona. Alinisikiliza huku anachambua mchicha, macho kwenye mchicha.

"Nimekusikia," alisema. "Umekula?"

Asubuhi nilipoamka hakuwepo nyumbani. Nilidhani yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikwenda bombani nikakuta kijiji kizima kimeshahangaika. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka una mistari ya fagio. Mawe yalikuwa yamepakwa chokaa, Mungu wangu, huku nako, sijui chokaa waliitoa wapi. Na bomba lilikuwa limevishwa khanga mpya, likazungushiwa maua ya bugenvilia, na mpini ukafungwa kwa utepe mwekundu uliopigwa fundo gumu. Mtu asingeweza kuusukuma bila kisu.

Mgeni alifika akiwa na Meneja, kwaya ikaimba, mwenyekiti akahutubia kuhusu umoja na kujitegemea. Mgeni alipiga picha. Kisha akalisogelea bomba, akaweka mkono juu ya mpini akitafuta jinsi ya kuufungua utepe. Mwenyekiti alikohoa, na kutoka safu ya kwaya akatokea mama, amevaa khanga yake ya sandukuni, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Alipiga goti akafunua. Ilikuwa gilasi ya maji, safi, yanang'aa juani.

"Karibu maji ya kisima chetu, mgeni," alisema.

Mgeni aliuacha mpini, akapokea gilasi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwenye kozi yake, akanywa mpaka nusu.

"Maji matamu sana," alisema, na watu wakapiga makofi.

Nilitoka nilipokuwa nimesimama. Sikupanga. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili asikie kila mtu, kwamba bomba hili ni bovu, halijatoa tone tangu mwaka jana, kwamba kijiji kinakunywa maji ya dimbwi na taarifa zake zimefutwa kwenye mashine Kibaha. Makofi yalikatika. Meneja hakugeuka hata kunitazama, alikuwa anamtazama mama. Mgeni naye akamgeukia mama, taratibu, kwa adabu, gilasi bado mkononi.

"Mama, ni kweli? Bomba ni bovu?"

Mama alikuwa bado amepiga goti. Alinitazama kidogo, si kwa ukali, kisha akamtazama mgeni na kutabasamu.

"Maji tunapata, baba," alisema. "Huyu ni mwanangu. Amesoma sana, kazi yake kutafuta makosa."

Watu walicheka, kicheko kirefu cha kupumua. Mgeni alicheka pia, akanipigapiga begani, akamaliza gilasi. Meneja alicheka kuliko wote. Hakunifukuza kazi, wala hakunikaripia. Garini alimwambia mgeni, mimi nikiwa nasikia, kwamba vijana wa namna yangu wenye uchungu wa kazi ndio taifa linawahitaji, na mkono wake ukanishika mkono. Nilisema nimesahau kitu nyumbani, nikashuka.

Mama nilimkuta uani. Alikuwa ameivua khanga ya kwaya na kuianika, na kwenye kamba ile ile ilining'inia khanga nyingine, ya zamani, imelowa, katikati yake ina duara la kijani. Chini kulikuwa na mtungi na ile gilasi. Ndipo nilipoelewa alikokuwa tangu alfajiri. Alikuwa amekwenda dimbwini peke yake, akachota, akayachuja maji kwa khanga, akayachuja tena na tena mpaka yakang'aa. Na kabla ya kuchujia alikuwa ameifua khanga ile kwa sabuni. Mche wangu ulikuwa juu ya jiwe, umelika pembe moja.

"Kwa nini mama?" nilimuuliza.

Aliketi kwenye kigoda chake akanyoosha miguu. Alionekana amechoka sana. "Ulitaka nifanyeje? Mtu ametoka kwao mbali, amekuja kututembelea, nimwonyeshe viluwiluwi? Mwenyekiti ameazima viti mpaka shuleni. Wenzangu wameimba tangu asubuhi. Nisimame mimi niwavue nguo wote?"

"Wangekuletea pete ya ngozi, mama. Kitu kidogo hivi. Ungepona."

"Angetuona tunakunywa na mbuzi," alisema. "Angerudi kwao na picha hiyo."

Nilikuwa nimekuja na kichefuchefu changu kimepangwa vizuri, chote cha Meneja, na sasa hakikujua kiende wapi. Nilimkasirikia. Namkasirikia hata sasa ninapoandika, na yeye yuko kaburini pale pale Kibuta, hatua chache kutoka bomba lile ambalo kwa muda mrefu lilibaki na utepe wake mpaka ukapauka. Kwenye mashine halikupata kuharibika.

Mama aliinamisha mtungi, akajaza gilasi kwa maji yaliyobaki, akanipa kwa mkono wa kulia.

"Kunywa, jua kali," alisema. "Hujanywa kitu tangu asubuhi."

Nilikunywa. Yalikuwa ya baridi, yana harufu ya sabuni ya Meneja, na chini ya sabuni harufu ya dimbwi. Mama alinitazama mpaka nikafika mwisho, akapokea gilasi, akaniuliza kama ni matamu.

Nikamwambia ni matamu.